Masale Matatu Kwenye Machimbo ya Reli

Kuna harufu moja inayonisimamisha popote ninapoikuta: harufu ya jiwe jeusi lililotoka kupasuliwa sasa hivi. Kando ya barabara ya Tengeru akina mama hukaa chini ya vipande vya turubai wakigonga kokoto, na nyundo ikitua sawasawa, jiwe hutoa harufu kama ya kiberiti kilichozimwa. Wenzangu hupita tu. Mimi husimama nikajifanya naulizia bei, kwa sababu harufu ile hunirudisha kwenye umri wa miaka tisa na kwenye jambo ambalo sijawahi kuwasimulia hata wanangu. Ninyi nitawasimulia, kwa mpangilio wake.

Kwetu kulikuwa mlimani, juu ya Tengeru, ndani ya migomba na kahawa. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Juu ya kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kulikuwa na msitu mdogo ambao watoto tulikatazwa kuingia. Kabla sijazaliwa, watu waliojenga reli kutoka Moshi kuja Arusha walichimba mawe humo kwa ajili ya madaraja. Reli ilipofika mjini walifunga kazi, wakaondoka, wakayaacha machimbo wazi, na msitu ukarudi kuyafunika. Mama alituambia kuwa kuna baruti ambazo hazikulipuka, zimelala humo zikisubiri mtoto mkaidi.

Lakini ng'ombe wetu walikuwa wa kufungwa ndani, na kazi yangu na Anasia, binti wa baba yangu mdogo, ilikuwa kuwakatia majani. Tuliyafuata majani mazuri hatua kwa hatua, na majani mazuri siku zote yalikuwa mbele kidogo. Ndivyo tulivyojikuta ndani ya msitu bila ya yeyote kati yetu kuwa ameamua kuingia.

Kilichotupokea kilikuwa chuma. Anasia alijikwaa, akafukua kwa mundu, na chini ya majani makavu tukaona reli, nyembamba kuliko ile ya treni, nyekundu kwa kutu. Tuliifuata. Mataruma yake ya mbao yalikuwa yameliwa na mchwa, na mahali pamoja mti wa mringaringa ulikuwa umeota katikati ya vyuma viwili ukavisukuma huku na huku. Mwisho wa reli kulikuwa na toroli la chuma limelala ubavu, na nyuma yake ukuta mrefu wa jiwe jeusi, wenye matundu ya duara yaliyopangwa vizuri, ambamo nyuki walikuwa wamehamia. Chini ya ukuta kulikuwa na rundo la mawe makubwa yaliyoporomoka. Mbele ya rundo yalisimama masale matatu, kwa mstari.

Isale ni mmea mwembamba wenye majani marefu ya kijani, na kwetu halioti ovyo. Mtu hulipanda kwa sababu. Hupandwa mpakani, na anayeling'oa amewaudhi walio hai na waliokufa. Hupandwa pia kaburini, lakini makaburi yetu yalikuwa nyumbani, migombani; hakuna aliyezika msituni. Nilihesabu masale yale, nikapima kwa hatua nafasi kati yao. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Mama alizoea kusema kuwa nina macho ya kuku, punje moja hainipiti.

Tulirudi mara nyingi. Toroli likawa treni yetu. Tuligonga mawe mpaka yatoe cheche, huo ndio moto wa injini, na Anasia akawa mkuu wa stesheni. "Arusha hapa," alitangaza kwa sauti nzito aliyoichukua kwa mchungaji. "Wenye kuku washuke kwanza. Wewe mwenye kamasi, tiketi yako iko wapi?"

Siku moja Anasia aliugua homa, nikaenda peke yangu. Nilikuwa nimejikunja ndani ya toroli niliposikia mtu anaongea. Nilichungulia. Alikuwa Bibi Ruti, mjane, jirani yetu wa upande wa juu. Kusema kweli watu hawakumwita mjane. Mume wake alifanya kazi katika machimbo yale, na siku moja hakurudi. Mnyapara alisema ametoroka kazi, na kijiji kikakubali neno la mnyapara. Mtoto wao, Zakaria, alikua akiitwa mtoto wa mtoro, mpaka akahamia mjini, upande wa Elerai, akawa haji.

Bibi Ruti alikuwa amepiga magoti akipalilia masale kwa vidole. Aliongea taratibu, kama mtu anayempa habari mwenzake aliyekuwa safarini: ng'ombe amezaa, jike, mvua zimechelewa, Zakaria ameandika barua, fupi. Kisha akaniona, wala hakushtuka.

"Elinipa, toka humo, utajikata na kutu," alisema. "Njoo umsalimie babu yako."

Nilitoka, na kwa kuwa sikujua la kufanya, niliyaamkia mawe. Shikamoo, nikasema. Bibi Ruti akaitikia kwa niaba yake, marahaba, bila kutabasamu.

Akanieleza. Mwamba ulimshukia mumewe jioni, watu wakiwa wamekwishaanza kuondoka. Siku ya pili alipokuja kuuliza, walimwambia kuwa hakuna aliyemwona mtu chini, na kulikuwa na haraka ya kumaliza daraja. Aliyasukuma mawe kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Aliposhindwa, alipanda masale.

"Usiseme nyumbani kwamba umefika huku," aliniambia. "Utachapwa. Mimi pia sitasema."

Kati ya kihamba chetu na msitu kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho Bibi Ruti alikatia majani na kupanda maharage kidogo. Baba aliamini kuwa ni chetu, kwamba babu yake alikilima kabla ya reli kuja. Baba hakuwa mnyang'anyi. Alikuwa na watoto saba na kahawa isiyotosha, na kila mwaka maneno kati yake na Bibi Ruti yalizidi kuwa makali. Jioni moja, tukiwa tunakula, alisema kuwa mshili, mkuu wa ukoo, amekubali kulikata shauri, ila anataka alama ya wazee. Isale la kona ya chini lipo. Je, la juu liko wapi?

Nami nikasema, "Nimeyaona. Yako matatu, kwenye machimbo, kwa mstari."

Nilijua nimejichongea fimbo. Lakini Baba aliweka chini sahani yake, akaniuliza ni hatua ngapi kati ya moja na jingine, nikamwambia. Yanatazama upande gani, nikamwambia. Kisha akachukua nyama kutoka kwenye sahani yake akaiweka kwenye yangu. Mbele ya kaka zangu. "Huyu," akasema, "ndiye mwenye macho nyumba hii."

Bado nilikuwa na neno moja la kusema. Nilitafuna nyama, na neno lile likapita nayo.

Wazee wanne walikuja Jumamosi asubuhi, mshili mbele na mkongojo wake. Walisimama machimboni wakitazama masale, kisha wakatazama chini, kwenye isale letu la kona. Ukivuta mstari kutoka kule mpaka huku, kipande chote kilikuwa upande wetu. Ilikuwa wazi kabisa.

Mshili alimwuliza Bibi Ruti masale haya ni ya nani.

"Ni ya mume wangu," alijibu. "Yuko hapa chini."

Mzee mmoja alicheka puani. "Mumeo si alitoroka? Tangu lini mtoro anapandiwa isale?"

"Labda alirudi akaona aibu, akajifunika mawe," akasema mwingine, na kicheko kikawazunguka.

Mshili aliwanyamazisha. "Mama, hatukatai," alisema. "Lakini hili halijasikika miaka yote hii. Nani amewahi kukuona hapa ukililia kaburi?"

Bibi Ruti alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani. Aligeuka kunitazama, si kwa ukali. "Mwulizeni mtoto," alisema. "Mtoto alinikuta."

Wote wakageuka. Baba naye aligeuka, na uso wake ulikuwa bado na fahari ile ya jioni ya nyama. Mshili aliinama mpaka nikasikia harufu ya ugoro wake.

"Mjukuu wangu, hapa uliona nini?"

"Niliona masale," nikasema.

"Ulimwona bibi huyu?"

Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye matundu ya ukuta. Niliwatazama hao. "Hapana," nikasema. "Masale tu."

Nilitegemea Bibi Ruti atapiga kelele, aniite mwongo. Alikuwa na haki. Angeweza kuwaeleza jinsi nilivyokuwa nimejikunja ndani ya toroli, jinsi nilivyoyaamkia mawe. Badala yake alisema, "Basi, mtoto amesema," akakaza kanga yake na kushuka peke yake.

Kipande kikawa chetu. Baba alipanda kahawa mpaka karibu na masale, lakini hakuyagusa, maana alikuwa mtu wa kuheshimu mipaka. Njia ya Bibi Ruti ya kwenda machimboni sasa ilipita ndani ya shamba letu, na kila alipotaka kwenda ilimbidi abishe hodi kwetu. Mama alimwambia apite tu, asihangaike kuomba. Aliendelea kuomba. Nilipoisikia sauti yake nilikuwa natoka kwa mlango wa nyuma. Kahawa ile ilizaa vizuri. Ndiyo iliyonipeleka shule ya bweni, na hakuna aliyelisema hilo kwa fahari kuliko Baba.

Kwa muda mrefu nilijiambia kuwa nilimnyima bibi kizee mahali pa kukatia majani. Lilikuwa kosa, ila lenye kipimo. Nililigawa kwa umaskini wetu na kwa umri wangu, likabaki dogo. Nilikuwa tayari mwalimu nilipokwenda kwake. Alikuwa haoni vizuri tena. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia bila kuzunguka: siku ile nilikuona. Niliongeza kuwa nitamwomba Baba amrudishie kipande chake.

Alipapasa mpaka akaushika mkono wangu.

"Najua uliniona, mwanangu," alisema. "Tulikuwa wote. Majani nilikata kwingine, ng'ombe hakufa. Mimi nilitaka wale wazee wasikie kwa mtu mwingine kwamba hakutoroka."

Nikauliza kama nikiwaendea sasa itafaa kitu. Akawataja mmoja mmoja, wote walikuwa wamekufa; mshili ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzikwa, mwaka uliotangulia. Zakaria naye alikuwa amefariki, na Bibi Ruti alimzika mjini bila kumleta nyumbani, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa ameagiza hivyo.

Hakunilaumu. Aliniuliza kama shuleni ninakofundisha wanafunzi wananisikiliza, nikasema ndiyo, wananisikiliza sana. Akasema ni vizuri. Kisha akauachia mkono wangu, akaniomba nimtilie maji kwenye kikombe, nami nikainuka haraka, nikishukuru kwamba kuna kazi ya kufanya na kwamba haoni uso wangu.