Aligeuza jua kwenye kompyuta, mshonaji akabaki gizani

Saa nne asubuhi, katika chumba kidogo juu ya duka la mabomba huko Mamboleo, Celestine Nabalayo anapunguza jua. Anasogeza kipanya taratibu, na sebule iliyo kwenye kompyuta yake inafifia: kwanza pazia, halafu kochi, mwisho cherehani iliyo kando ya dirisha.

"Wateja wanatafuta mwanga, wewe unawauzia giza?" anamtania Mathews, anayechangia naye kodi ya chumba hicho. "Utatufukuzia watu, bana."

Celestine hacheki.

"Hivi ndivyo ilivyo," anasema. "Nimeingia mwenyewe nikaona."

Celestine, mwenye umri wa miaka 27, hutengeneza kwa kompyuta picha za ndani ya nyumba ambazo bado hazijajengwa, ili mwenye kujenga aione sebule yake kabla ya tofali la kwanza. Picha moja humpa kama shilingi elfu sita, na kinachompa kazi hasa ni mwanga. Bila mwanga mzuri, anasema, hata sebule ya tajiri hufanana na stoo.

"Unaweka jua, unaweka anga, halafu penye kona yenye giza unaficha taa ambayo mtu haioni," anaeleza. "Sisi wote hufanya hivyo. Sikuwahi kufikiri kuna mtu anaweza kuumia."

Mwaka jana, Ouma, mhasibu anayefanya kazi Nairobi, alimwagiza picha ya nyumba aliyotaka kumjengea mama yake, Seline, nje kidogo ya Katito. Mama Seline ni mjane anayeshona sare za shule, na macho yake yameanza kuchoka. Ouma alitaka jambo moja: cherehani ya mama ikae penye mwanga wa asubuhi.

Picha ya kwanza ilitoka na giza. Lango la boma lile liko magharibi, na kwa desturi ya Waluo nyumba ya mama mwenye boma hutazama lango. Kwa hiyo dirisha kubwa la sebule lilitazama machweo, tena chini ya paa la baraza. Jua la asubuhi lilibaki na njia moja tu, dirisha dogo la ukuta wa nyuma.

"Ouma akanipigia: 'Hii ni sebule ama ghala ya mahindi? Weka jua huku mbele!'" anakumbuka Celestine. "Nikamwambia basi tugeuze nyumba kidogo. Akasema, 'Dada, hiyo sahau. Nyumba ya mama haiwezi kulipa lango kisogo.' Nyumba ilikataa kugeuka, nikageuza jua."

Kwenye kompyuta, hilo ni jambo la kubofya tu. Alilipeleka jua la asubuhi magharibi, akalishusha hadi likapita chini ya paa la baraza, na cherehani ikang'aa. Ouma aliipenda picha hiyo hata akaitia kwenye fremu.

Asichojua Celestine wakati huo ni kwamba, kwa kuiamini picha hiyo, Ouma alimwagiza fundi Waswa aliondoe dirisha la nyuma. Mbele kuna mwanga wa kutosha, alisema, na la nyuma litaita wezi tu.

Nyumba ilipokamilika, Celestine alialikwa kwenye maombi ya kuifungua. Alifika asubuhi, jua likiwaka nje, akasimama mlangoni asione kitu. Alidhani mapazia yamefungwa. Yalikuwa wazi.

"Nilisikia cherehani kabla sijaiona," anasema. "Mama alikuwa anamalizia kitambaa cha meza kabla ya wageni kufika. Kidole chake kimefungwa, damu imepenya. Sindano ilikuwa imepita kwenye ukucha."

Juu ya cherehani ilining'inia ile picha. Mama Seline hakuwa na hasira. Alimshika Celestine mkono, akamwonyesha.

"Nyathina," alisema, akimwita mwanangu kwa Dholuo, "jua hili la kwenye picha hutoka saa ngapi? Nimelingoja tangu nihamie."

Celestine alitoka, akaketi nyuma ya nyumba, akautazama ukuta mzima uliokuwa ukichomwa na jua la bure.

Mama Seline amejaribu kushonea barazani, lakini mvua imelowesha vitambaa vya wateja. Balbu inamsaidia stima inapokuwepo, na stima huko ina mambo yake. Baadhi ya wazazi wameanza kupeleka sare kwingine.

"Juzi nimeshona mfuko wa kaptura nikauziba juu na chini," anasema kwa simu, akicheka. "Sasa mtoto atatia mkono wapi?"

Ouma alipoombwa na Celestine kuubomoa ukuta wa nyuma ili dirisha lirudi, alikataa. Yeye hufika nyumbani jioni, jua likiingia mbele, na huondoka alfajiri. "Picha yako ilisema kuna mwanga," alimwambia Celestine. "Leo wewe useme hakuna?"

Ndiyo maana Celestine alirudi Katito, akapima kwa dira ya simu mahali jua linapochomoza, na asubuhi hii anamalizia picha ya sebule ilivyo. Hakuna taa iliyofichwa. Anamtumia Ouma. Simu inalia muda si mrefu.

"Hapa ndipo mama anakaa?"

"Ndipo."

"Asubuhi?"

"Asubuhi, stima ikipotea."



"Mungu wangu," Ouma anasema. "Na mimi ndiye niliyesema dirisha liondolewe."

Celestine anamtumia picha ya pili: ukuta wa mashariki una dirisha lenye vyuma. Haipendezi kama ile ya fremu. Mwanga unaangukia nusu ya meza tu.

"Utatosha?" Ouma anauliza.

"Kochi litabaki kwenye kivuli. Sindano itaonekana."

Waswa ataubomoa ukuta Jumamosi, na Celestine anapanga kuwepo. Anatumaini hatauza tena jua lisilochomoza. Siku hizi, kabla ya kufungua kompyuta, humwuliza mteja lango lake linatazama wapi.

Anampigia Mama Seline kumpa habari. Mama anashangilia hadi Mathews anamsikia.

"Mwambie Waswa asiguse ukuta kabla sijatoa cherehani yangu!" anasema. "Na Jumatatu asubuhi nataka kutunga uzi kwenye sindano mwenyewe, bila kumwita jirani."