Samaki wa Milia kwenye Chumba cha Kusubiri

Dada wa mapokezi kwenye kliniki ya meno alikuwa na kazi tatu: kupokea simu, kuita wagonjwa kwa zamu, na kutunza tangi la samaki. Hiyo ya tatu hakupewa na mtu. Aliitwaa mwenyewe miaka sita nyuma, alipomwona mwanamume mzima na ndevu zake akitetemeka kwa mlio wa mashine ya kutoboa meno, kisha akatulia tuli baada ya kuwakodolea macho samaki. Walikuwa kumi na wanne, wadogo, wapole, na wagonjwa walipenda kutania kwamba hao ndio wenye bahati, hawana magego.

Wa kumi na tano aliletwa na shoga yake, nesi wa chumba cha ndani. Wawili hao walikuwa wakila sahani moja kila mchana.

"Zawadi yako hii, shoga," nesi alisema, akimkabidhi mfuko wa plastiki wenye maji na samaki wa milia myeusi. "Mpole huyo, kama maji mtungini."

Wiki haikuisha, mambo yakaharibika. Samaki mmoja alionekana na mkia uliochanika kama kitambaa kilichonasa msumarini. Mwingine alijibanza nyuma ya pampu, hatoki hata kwa chakula, na siku ya tatu akaelea. Wakafuata wengine wawili. Daktari akasimama mbele ya tangi, mikono mfukoni.

"Hivi wewe maji unabadilisha kweli?"

Aliuliza mbele za wagonjwa. Dada akakosa pa kuuweka uso wake.

Nesi ndiye aliyemfuata stoo kumbembeleza. "Usilie. Maji ya bomba siku hizi yana dawa nyingi. Yaache ndooni siku nzima ndiyo uyatie."

Akamwamini. Akabeba ndoo, akayaacha maji yakae, akasugua kioo mpaka kucha zikamuuma. Samaki wakazidi kupungua.

Ndipo mume wa nesi alipokuja kuziba jino. Akiwa anasubiri, aliinama kwenye tangi, akaangua kicheko.

"Alaa! Jambazi letu kumbe liko huku!"

"Jambazi gani, shemeji?"

"Si huyu wa milia! Nyumbani aliwamaliza wenzake wote. Mke wangu akasema anampeleka mahali, nikadhani kamrudisha dukani. Hakukwambia?"

Dada akalifunga daftari la zamu. Kilichomkata maini hakikuwa samaki. Yalikuwa yale maji. Wiki tatu anabeba ndoo, na mwenzake anamtazama na kumpa pole.

Mchana hakungoja hata wakae.

"Ulikuwa unajua."

Nesi alishusha kijiko. "Shoga, sikuwa na moyo wa kumuua. Nikadhani kwenye tangi kubwa atatulia. Walipoanza kufa, nikaona aibu."

"Aibu yako ukanivisha mimi."

Jioni ile dada alitoa mawe yote ili yule wa milia asipate pa kujificha, akamnasa kwa wavu, akamtia kwenye tangi dogo la peke yake. Samaki hakuwa na kosa, ndivyo alivyoumbwa. Wale watano waliosalia aliwapangia mawe upya, na vichaka vya kujibanza. Baada ya siku chache walikuwa wakiogelea katikati ya tangi, na mapezi yao yakianza kuota tena.

Kwa daktari hakusema neno. Alitaka nesi aseme mwenyewe.

Siku tatu baadaye daktari aliliona tangi dogo. "Huyu katokea wapi?"

Nesi alikuwa akipita na sinia la vyombo. Alisikia. Dada akamtazama, akamngoja. Nesi akainamisha macho, akapita, akafunga mlango wa chumba cha ndani taratibu.

"Aliletwa tu, daktari," dada akasema.

Mwezi uliofuata aliomba abadilishiwe saa ya chakula.