Stika kwenye Pikapu ya Nazario

Wiki ya kwanza Eulalia Ocegueda alipoajiriwa machinjioni kwetu, alimvunja Lencho pua.

Lencho alikuwa msimamizi wetu, na alikuwa na tabia ya kupita nyuma ya wanawake akiwashika makalio huku akijifanya anatafuta njia. Eulalia hakupiga kelele. Aligeuka na noleo la chuma mkononi, akamtwanga nalo katikati ya uso, kisha akarudi kwa ng'ombe aliyekuwa mbele yake, kwa sababu mnyororo unaobeba ng'ombe ulikuwa haujasimama. Damu ya Lencho ilidondoka sakafuni ikachanganyika na ile nyingine. Mimi nilikuwa hatua moja kando yake, nikichuna shingo.

"Wewe umeona," aliniambia bila kunitazama.

"Nimeona, dada."

"Basi wakikuuliza, sema."

Waliniuliza, nikasema, ingawa mimi si mtu wa kusema. Lencho alifukuzwa, akafungua gereji ya matairi kwenye barabara kuu. Tangu siku hiyo Eulalia alikuwa akila chakula cha mchana karibu nami.

Mkono ule aliurithi. Baba yake, Nazario, alivuna nyanya za bonde hili la California mpaka nyonga ikagoma, na kwa miaka mingi alimchapa mkewe kwa mkanda, upande wenye bizimu ya chuma. Eulalia alipofika miaka kumi na sita, alinyakua jikoni kikaango cha chuma cha kuokea mikate ya tortila, kikiwa moto, akampiga nacho baba yake mkononi mara mbili. Mfupa ulipona ukiwa umepinda. Mama mtu alihamia kwa dada yake Mexicali, hakurudi. Eulalia alibaki, akaacha shule, akaenda kazini. Baba na binti waliishi nyumba moja, kila mmoja akijua mwenzake anafika wapi akikasirika.

Alipotimiza miaka ishirini na tano alijiandikisha chuo cha jamii, kile cha pale mjini ambacho hakimkatai mtu. Zamu yetu ilianza alfajiri ikaisha saa saba na nusu mchana. Alioga, akaoga tena, saa tisa yuko darasani akinuka mafuta ya ng'ombe. Msichana mmoja alihamisha kiti akiziba pua.

"Harufu hii inanilipia ada," Eulalia akamwambia. "Yako inalipiwa na nani?"

Alitaka kuwa mkaguzi wa nyama. Mkaguzi wetu alikuwa mama mfupi mwenye kofia nyeupe. Akiona jipu kwenye ini alibonyeza kitufe kwa kidole kimoja, na mnyororo wote ukasimama, watu mia mbili na visu vyao wakabaki wanatazamana. Eulalia alikitazama kidole kile kwa miaka mingi. Kozi ya miaka miwili aliimaliza kwa minne, kisha akaomba kuhamia chuo kikuu.

Vyuo vikuu viwili vilimkubali. Kimoja kiko hapa bondeni, dakika ishirini kwa gari, na mtu akikitaja hakuna anayegeuza shingo. Kingine ni kile cha pwani, ambacho jina lake hata wachuma zabibu wanalijua.

Barua ya pwani ilifika mikononi mwa Nazario kwanza. Alisoma jina la chuo, akasoma na neno moja katikati ya ukurasa: msaada. Basi. Kesho yake aliendesha pikapu yake mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, bila kiyoyozi, nyonga ikimuuma, ili anunue stika kwenye duka la chuo chenyewe. Aliibandika katikati ya kioo cha nyuma na kuipangusa kwa kiganja mpaka haikubaki na kipovu hata kimoja.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye gereji ya Lencho nikizibiwa pancha, pikapu ikaingia.

"Mzee, hii stika umeiokota wapi?" Lencho akauliza.

"Ya binti yangu."

"Yule mchinja ng'ombe? Si anasoma kile chuo cha mtaani? Hata mbuzi akienda na kitambulisho wanampokea."

"Na pua yako nayo waliipokea wapi?"

Vijana wa gereji wakacheka. Lencho akamsukuma. Nazario akarusha ngumi kwa mkono ule uliopinda, ikampata shingoni, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumi yake ya mwisho. Lencho alimwangusha kwenye oili, akamkalia kifuani, akampiga mdomoni mpaka nikasikia kitu kinavunjika. Nilimshika Lencho mabega nikamvuta, nikala kiwiko cha jicho. Nazario alijiinua kwa kushikilia bampa, akatema meno mawili, akasema kwa mdomo uliojaa damu, "Sasa isome vizuri."

Nilimpeleka nyumbani. Eulalia alimpa maji ya chumvi asukutue.

"Nani alikutuma, Baba?"

"Meno yangu, mdomo wangu. Ukianza kule nitapita pale kwa Lencho kila siku. Polepole."

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu Eulalia alikuwa ameisoma barua mpaka chini. Jumatatu kazini aliifungua mbele yangu juu ya meza ya chakula.

"Huu msaada, nusu yake ni mkopo. Dola elfu kumi na nne kila mwaka. Na masomo yangu mawili hawayatambui, lazima niyarudie. Miaka mitatu badala ya miwili." Aliikunja barua. "Hapa bondeni nalala kwangu, Jumamosi nachinja, karibu silipi kitu. Ungekuwa wewe?"

"Mimi niliishia darasa la sita, dada."

"Sijakuuliza cheti."

"Muulize mkaguzi."

Alimuuliza. Yule mama alikuwa amesoma hapa hapa bondeni.

"Na kuna mtu aliyewahi kukuuliza ulisoma wapi?"

"Humu ndani? Wanachouliza ni kama nitausimamisha mnyororo."

Eulalia alicheka, lakini mchana alipiga kisu kwenye mbao mpaka ncha ikavunjika. "Usidhani sikitaki cha pwani," aliniambia. "Nataka Lencho alione jina lile mpaka siku ya kufa kwake. Nalitaka kuliko Baba anavyolitaka."

Mwisho wa kujibu ulikuwa tarehe moja Juni. Jumapili, siku moja kabla, walinialika kula. Nyama ilikuwa bado motoni uani Eulalia aliposema.

"Nakwenda cha bondeni, Baba."

Nazario aliweka chini sahani yake. "Rudia."

"Umesikia."

"Nimetoa meno!"

"Mimi sikuyaomba."

Eulalia aliingia ndani, akatoka na kisu chake cha kuchunia, akaenda kwenye pikapu na kuanza kukwangua ukingo wa stika. Nazario alimfuata akichechemea. Nyuma ya gari palikuwa na spana ya tairi.

"Toka hapo."

"Sitaki stika ya uongo."

"Toka, nimesema!"

Nazario akainyakua spana, akaishusha. Mpaka leo sijui alilenga kioo au alimlenga yeye, na sidhani mwenyewe alijua. Kioo kililipuka. Chembe zilimwagika kama mahindi kwenye nywele za Eulalia, na moja ikampasua juu ya nyusi, damu ikamfunga jicho. Chini ya stika tu ndipo vipande vilipobaki vimeshikana, jina zima linaning'inia hewani.

Eulalia alimpokonya spana akaiinua. Nilipaza sauti, "Dada, acha!" na sauti yangu mwenyewe ikanishtua. Nazario hakukimbia. Alinyoosha mkono uliopinda.

"Piga. Unaujua huu."

Eulalia alisimama hivyo nikihesabu pumzi zake. Kisha akaitupa spana nje ya uzio, akatoa simu mfukoni. Alifungua ukurasa wa chuo cha bondeni, akabonyeza pa kukubali nafasi. Simu haikukubali, kidole kilikuwa na damu. Akashika shati la baba yake, akajifuta kidole kifuani pake, akabonyeza tena.

"Imekwisha," akasema.

Nyama ilikuwa inaungua. Hakuna aliyekwenda kuigeuza. Nazario alikitazama kile kipande kinachoning'inia, akakigusa kwa kidole, nacho kikavunjika kikaangukia kwenye kiti.

"Huko bondeni," akasema mwishowe, "stika wanauza?"

"Wanauza."

Nazario alivua shati, akampa azibe jicho.

"Basi tununue kioo kwanza."