Kusaga Kabla ya Jogoo

Mwanangu, kila nikikuona unapiga miayo jua likiwa utosini, nakumbuka asubuhi moja pale Kinyangiri, enzi za Mwingereza, nilipokuwa mke mpya na mama wa mtoto mchanga. Kaa hapa, na huo uso wako uliochoka usogeze karibu niuone vizuri.

Siku hizo uwele tuliusaga wenyewe kwa mawe, kabla hakujapambazuka. Sauti ya jiwe ilifika hadi kwa majirani, na majirani walikuwa hodari wa kusikiliza ni nyumba gani imeanza. Mke mpya ambaye jiwe lake lilisikika kwanza alisifiwa kisimani. Aliyechelewa naye alitajwa, ila kwa namna nyingine. Ng'ambo ya korongo alikuwepo Nyamisi, tumeolewa msimu mmoja, na yule dada hakuwa akijua kuchoka. Niliapa moyoni kwamba hatanitangulia. Akiamka kwa jogoo wa kwanza, mimi naamka kabla ya jogoo. Naye akawahi zaidi, nami nikazidisha. Tulikuwa wajinga wawili tunaoshindana gizani, na wala hatujawahi kusalimiana vizuri.

Mume wangu Gunda alikuwa Tanga kwenye mkonge. Alinitumia majani ya chai na sukari, vitu vya heshima wakati ule, nami nikavifanya dawa ya uchovu. Jioni nachemsha chai nyeusi tii, nakunywa ili nipate nguvu ya kumaliza kazi. Nikilala, macho hayafungi, moyo unakwenda mbio. Kukicha mwili mzito, basi nakunywa nyingine. Nilikonda, maziwa yakapungua, mwanangu Msengi akawa analia hata akiwa titini. Watu wakanong'ona kwamba nimetupiwa kitu. Mimi mwenyewe nilikaribia kuamini, maana kusema nimelogwa kulikuwa rahisi kuliko kusema nimechoka.

Asubuhi hiyo nilikaa karibu na meko namnyonyesha. Usingizi ulionikimbia usiku kucha ukaamua kuja wakati huo. Nilizinduliwa na kibuyu kupasuka. Mama mkwe alikuwa ametupa maji yake chini na kumdaka Msengi, aliyeteleza kutoka mapajani mwangu, ncha ya nguo yake ikiwa imeshagusa makaa. Hakuungua.

Nilijua atanirudisha kwetu. Alimvua mtoto ile nguo, akaikanyaga mpaka ikazimika, akamfunga mtoto mgongoni kwake, ndipo akaniuliza:

"Nani amekutuma uamke saa ya fisi?"

"Nyamisi anaanza mapema, mama. Watu watasema mimi mvivu."

"Hao watu ndio watakuzalia mwingine huyu akifa?"

Nililia. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Ilipofika jioni alichukua kopo langu la majani ya chai akalificha ghalani. Akakata mchaichai kwenye shina aliloletewa na dada yake kutoka Kilimatinde, alilolipanda pale maji ya kuogea yanapomwagikia. Akauchemsha, akatia asali ya nyuki wadogo, akaniamuru ninywe taratibu, nimekaa, bila kazi yoyote mkononi. Harufu yake tu ilinilegeza mabega.

"Lala," akasema. "Mtoto akitaka kunyonya nitakuletea."

Nikalala kama sijawahi kulala. Nilipozinduka bado giza, na jiwe la nyumba yetu lilikuwa linasaga. Nikakurupuka kwenda kuchungulia. Alikuwa mama mkwe, yule yule ambaye magoti yalimfanya atembee kwa mkongojo, amepiga magoti kwenye jiwe langu, Msengi mgongoni, anasaga haraka haraka kama nisagavyo mimi ili majirani wadhani ni mimi. Aliniona. Akanionyesha kitanda kwa kidevu, akaendelea.

Kisimani walinisifu, nami nikaitikia huku aibu imenijaa. Aliendelea hivyo mpaka maziwa yangu yaliporudi, na hakumwambia mtu hata mmoja hadi tulipomzika.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mchaichai kunywa jioni, utakutuliza, na hiyo chai nyeusi iishie mchana. Uchovu usioisha hata baada ya kulala usiufiche wala usiutafutie mchawi, nenda hospitali wakuangalie. Ila usije ukadhani majani ndiyo yaliyoniponya. Yalinituliza tu. Kilichoniponya ni usingizi, na usingizi ule niliupata kwa sababu mtu mwingine aliamka. Kwa hiyo ukichoka, sema, usishindane na mtu usiyemjua vizuri. Na siku ukiwa na nguvu, tazama nyumbani mwako nani anasinzia akiwa amekaa, umpokee kazi yake, na usimtangaze.

Mungu akujalie usiku wenye utulivu, akupe na mtu wa kuamka badala yako. Akichelewa kukupa huyo, basi akufanye wewe uwe huyo kwa mwenzio.

Haya, inuka ukajilaze. Vyombo niachie mimi.