Eti Wamemsamehe

Mume wangu alikamatwa kwa sababu ya debe bovu la bati. Nalisema mwanzoni kabisa, maana watu wa mbali wakinisikia hudhani kuna kitu nimekiruka. Sijaruka kitu.

Sisi Wandengereko wa bondeni, mpunga ukianza kubeba tunahama nyumba. Tunavuka mto na sufuria, chumvi, mikeka na kuku, tunaishi shambani mpaka tuvune. Kila shamba lina dungu, kibanda cha juu ya miti, na mwenye shamba anakaa humo kulinda nguruwe, ngedere na ndege. Ukiona mnyama unagonga debe. Jirani akisikia anagonga la kwake, kukujulisha kwamba amekusikia, na mnyama akikimbilia kwake atamkuta macho. Naye anajibiwa na wa mbele yake. Ndivyo tunavyokula wali huku kwetu. Shamba moja peke yake halilindiki.

Sasa katika kipindi kile cha hofu, watu wasiojulikana walipokuwa wakiua usiku na kukimbilia porini, wakati hata kubisha hodi kwa jirani kulikuwa kujitafutia balaa, walikuja polisi wasiotujua. Walimkuta mume wangu juu ya dungu asubuhi, wakamwambia ashuke. Kwa nini unaishi porini? Chumvi yote hii unampikia nani? Na hilo debe, unampa nani ishara? Mume wangu ni mtu ambaye hata kuku hamchinji bila kumwonea huruma. Akawajibu, "Nguruwe, afande. Nafukuza nguruwe." Wakampiga, eti anawajibu kijeuri.

Walimpitisha gulioni kifua wazi, mikono imefungwa kwa kamba yangu ya kuanikia nguo, watu wote wanatazama. Akapakiwa kwenye gari. Alikaa ndani mpaka msimu mwingine ukaingia. Mimi nikawa wa njoo kesho, hayupo hapa, kaulize kule. Mpunga wetu ukaliwa wote. Kisha siku moja wakamfungulia mlango, wakamwambia nenda nyumbani. Hakushtakiwa kwa lolote wala hakumwona hakimu. Nenda nyumbani tu, kama mtu aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa.

Majirani walimpokea vizuri, sina la kuwalaumu kwa hilo. Walikuja na unga, walikuja na dua. Lakini ulipofika wakati wa kulima, waliokuwa kushoto na kulia kwetu wakahamia ng'ambo ya kijito. Mmoja aliniambia waziwazi, "Shemeji, debe lake likilia nami nikajibu, kesho si nitaitwa mwenzake? Mimi nina watoto." Msimu ule pia hatukuvuna kitu.

Ndipo nikaanza kwenda kituo cha polisi. Mkubwa wao alikuwa kijana ninayeweza kumzaa. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kutaka radhi. Kwetu, uliyemkosea mbele za watu unamwendea mbele za watu. Unalitaja kosa lako kwa mdomo wako, unamwomba akuachie dunia na akhera, naye anakujibu. Njooni gulioni mseme mlikosea, ili majirani zangu wasiogope kulima karibu nasi."

Akanitazama kwa upole wa ofisini. "Mama, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza."

Usumbufu. Usumbufu ni mbuzi wa jirani kuingia kwenye mihogo yako. Mtu amefungwa kama mzigo wa kuni, amerudi hawezi kunyoosha bega, na huyu ananiambia usumbufu umejitokeza, kana kwamba ulikuja wenyewe kwa miguu yake. Nilirudi tena, na tena, mpaka nadhani akachoka kuniona. Akakubali.

Siku ya gulio mume wangu alivaa kanzu yake ya Idi. Niliipiga pasi mwenyewe, na moyoni nilikuwa na furaha, sitaficha. Watu walijaa, majirani zetu walewale wakiwa mbele. Yule mkubwa akashika kipaza sauti akasema, "Ndugu wananchi, mzee wenu huyu tumemchunguza, na serikali yenu ni sikivu. Tumemsamehe. Mpokeeni, aendelee kuwa raia mwema."

Watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi, jamani. Mume wangu akapewa mkono, naye kwa adabu zake akaupokea.

Mimi nilisimama. Nikauliza, "Mmemsamehe nini? Kosa lake lipi?" Mwenyekiti wa kijiji akanivuta kanga. "Shangazi, yaishe, mkubwa amekuja mwenyewe." Kipaza sauti kilikuwa kimeshazimwa na gari limeshawashwa.

Hasira ile ninayo mpaka leo, na asije mtu kuniambia nimwachie Mungu. Mungu siye aliyemfunga kamba. Kabla ya siku ile mume wangu alikuwa mtu aliyeonewa, na kila mtu alilijua hilo hata kama aliogopa. Baada ya siku ile akawa mtu aliyefanya jambo, akahurumiwa. Na mimi ndiye niliyempigia kanzu pasi.

Msimu huu tumelima tena. Juzi asubuhi ngedere waliingia kwenye mpunga, kundi zima, wanavunja masuke tukiwaona. Yeye alikuwa juu ya dungu, debe liko kando ya mkono wake. Nikamwita kutoka kwenye mafiga, "Baba, ngedere hao." Akanitazama, akaitazama njia inayotoka mtoni, akanitazama tena. Mkono haukuinuka.

Nikapanda ngazi, nikalichukua debe, nikaligonga kwa nguvu zangu zote mpaka ngedere wakatimkia upande wa kijito. Kisha nikaacha, tukasikiliza wote wawili. Majirani walikuwepo, moshi wa chai yao tuliuona. Hakuna aliyejibu.