Udi wa Bi Jokha na Hita za Riyadh

Riyadh haikumpendeza Bi Jokha kwa lolote, na wala hakuwa mtu wa kuficha. Mji mzima magari na vumbi, bahari hakuna, samaki analetwa kafa zamani, na juu ya yote hayo, baridi. Yeye kaishi Jeddah tangu alipoletwa mdogo na wazee wake kutoka Unguja baada ya mapinduzi, na Jeddah baridi ni kitu cha kusikia kwa watu. "Mmekosa nini nyie hata mkafungwa huku?" alimuuliza mkwewe, Hamdun, siku ya kwanza tu, hata buibui hajavua.

Kuletwa kwenyewe kulitokana na kuanguka. Aliteleza bafuni kwake Sharafiya, mtaa wake wa Jeddah, akalala sakafuni tangu asubuhi hawezi kujinyanyua. Aliyemwokoa ni jirani yake Roselyne, muuguzi wa Kikenya, aliyezoea kusikia harufu ya udi wa Bi Jokha kila alasiri. Siku ile hakuisikia. Akagonga, akaita, mwisho akamleta bawabu na ufunguo. Nada, binti yake wa pekee, akapanda ndege kumfuata mamake, wakakubaliana: Bi Jokha akae kwao Murabba, hapo Riyadh, msimu mmoja wa baridi. Akiona hapamfai, atarudi Sharafiya akakae peke yake, na Nada hatotia neno. Nada alikubali, lakini usingizi ulimpaa tangu siku hiyo.

Hamdun ndiye aliyeharibu, kwa mdomo wake. "Mama, flati yetu ina hita za umeme kila chumba. Utakaa na kanga moja." Maneno hayo Bi Jokha aliyaweka. Ilipofika jioni amekaa sebuleni na masweta mawili na soksi za Hamdun mwenyewe, kila aliyepiga simu aliambiwa habari ya kanga moja.

Na kweli, jioni nyumba ilikuwa haikaliki. Ajabu yake, wakishalala hita zinawaka mpaka Bi Jokha anapiga teke mablanketi. "Hii nyumba ina wazimu," alisema. Hamdun, ambaye kazi yake ni kompyuta na kwa hiyo alijihesabu fundi wa kila chenye waya, alitangaza kwamba thamostati imekufa. Ndicho kile kidude cha ukutani, pale ukumbini, kinachopima joto na kuziamrisha hita ziwake au zizime. Akanunua mpya, inayong'aa, ya kuongozwa kwa simu. Akazima umeme wa nyumba nzima, akapiga picha waya muda mrefu kuliko aliotumia kuzifunga, akawasha, kitaa chekundu kikawaka. Alitembea siku hiyo kifua mbele. Jioni baridi ikarudi vilevile.

"Ya simu hiyo," Bi Jokha alisema. "Labda nayo imeishiwa vocha."

Ikabidi aitwe fundi wa kweli, Onyango, Mkenya mwenye begi la vifaa na adabu zake. Mwanamume mgeni akiingia, Bi Jokha hukusanya vitu vyake vyote, na chetezo chake cha udi, akajifungia chumbani. Onyango akafunga thamostati nyingine, akapima waya, akasubiri mpaka nyumba ikapata moto. "Iko sawa kabisa, bosi," alimwambia Hamdun, akaenda zake. Alasiri Bi Jokha akatoka na chetezo, akakirudisha mahali pake juu ya kabati la viatu ukumbini, akaswali. Magharibi haijaingia, miguu imeshakufa ganzi.

Hapo akasema basi. Hamdun, kwa hasira za kushindwa, akakata tiketi ya Jeddah. Nada alimfungia mamake sanduku bila kusema kitu, kama walivyoahidiana, akikunja kila kanga polepole mno. Bi Jokha alimwona, akajitia kutazama televisheni. Roselyne alikuwa amepiga simu juma lile kuaga, mkataba wake umekwisha, karudi kwao Kisumu. "Aende salama," Bi Jokha alisema, basi. Hakutaka kulifikiria zaidi.

Siku ya mwisho, alasiri, wenziwe wote kazini, alitia makaa na udi kwenye chetezo, akakiweka juu ya kabati. Kwa mara ya kwanza hakwenda zake. Alisimama kukikodolea macho kile kidude, akitafuta tusi la kukiagia. Kidude kikalia tik. Namba zikapanda mbele ya macho yake, zikapanda tena, na kitaa chekundu kikazimika.

Akakitazama chetezo. Akakitazama kidude, shubiri tu juu ya makaa. Akakiondoa chetezo, akangoja. Namba zikashuka, tik, kitaa kikawaka. Akakirudisha. Tik, kikazimika.

"Mjinga wee," alisema, na safari hii hakuwa anamwambia Hamdun.

Alikaa kitako palepale. Hakuna anayejua. Akinyamaza, kesho yuko kwake, amewashinda wote. Alipeleka chetezo jikoni akamwagia maji makaa, kuona tu nyumba ingekuwaje, kisha akaenda kukaa sebuleni. Nyumba ikapata moto. Akavua sweta la kwanza. Akavua la pili. Usingizi ukamchukua kwenye kochi.

Nada alirudi kutoka kazini mapema kidogo. Alifungua mlango, akavuta pumzi, akatupa mkoba chini. "Mama?" Udi haupo. "Mama!" Akapita mbio na viatu vyake mpaka bafuni, akasukuma mlango hata ukagonga ukuta.

"Nipo huku," Bi Jokha aliita kutoka sebuleni. "Nipo, mwanangu. Nilisinzia."

Nada alikuja akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu kwa mikono miwili. Bi Jokha alitazama kichwa cha mwanawe, akamkumbuka Roselyne, akakiona kile chumba cha Sharafiya na jirani asiyejulikana ng'ambo ya ukuta.

Hamdun aliingia baada ya hapo, akalisikia joto, akatazama kidude kama kakizaa yeye. "Si nilisema? Nilimwambia Onyango azikaze zile waya. Mkono wangu huo, mama."

Ulimi wa Bi Jokha ulikuwa na jibu tayari, zuri, la kumkalisha mwaka mzima. Akalimeza, na lilimkwaruza koo lote.

"Mkono wako, mwanangu," alisema. "Sasa kautumie kunifungulia lile sanduku, utoe kanga zangu. Na unitafutie kijimeza cha kuwekea chetezo, upande ule wa dirishani. Hapo ukumbini hapanipendezi."