Msimamizi wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kila Ijumaa alasiri sisi wanawake tisa wa hapa mjini Ponorogo, wengi tuliozeekea viwandani, hukutana kwa Bi Lasmi kusomeana kitabu. Safari hii vilikuwa viwili, vyote vya watu waliosimulia bila kuficha jinsi kazi ilivyowatesa: kimoja cha kondakta wa basi, kingine cha Tumirah, aliyeshona viatu kiwandani Tangerang. Nikapewa vyote nichague kimoja, eti mimi ndiye mwenye busara.

Cha kondakta kilinisinzisha mara tatu. Cha Tumirah nilikimaliza kwa siku moja, wali ukaungua. Ukurasa wa arobaini na moja nikakutana na msimamizi mnene aliyekifunga choo kwa kufuli ili washonaji wasipoteze muda, akauvaa ufunguo shingoni kama nishani. Siku moja tumbo likamkoroga mwenyewe. Akautafuta ufunguo mifukoni, mezani, chini ya mashine, kumbe unaning'inia mgongoni. Washonaji arobaini waliuona. Hakuna aliyefungua kinywa. Naye hakukiwahi choo.

Msimamizi huyo ni mimi. Jina hakulitaja, ila unene kautaja mara nne.

Ijumaa nikajikohoza. “Tusome cha kondakta. Hiki kingine kina uchungu mno.”

“Uchungu au pilipili?” akadakia Bi Lasmi. “Dada Wartini, mbona hiki kimejaa madoa ya mchuzi wa sambali, na cha kondakta kinang'aa kama kimetoka dukani leo?”

Akakifungua penye madoa mengi zaidi, akasoma kwa sauti. Wakaangua kicheko.

“Mungu alimlipa palepale!”

“Tena hadharani!”

Nikacheka kuwashinda wote. Ila Sulastri, aliyeshona katika kiwanda kingine, hakucheka. “Kwetu mwenzangu mjamzito alijikojolea kitini,” akasema. “Akaendelea kushona.”

Nikaona aibu kubwa kuliko ile ya siku ya tumbo.

“Ni mimi,” nikasema.

“Wewe nini?”

“Msimamizi. Mwenye ufunguo.”

Bi Lasmi akanipima kutoka juu hadi chini. “Basi Tumirah hakuongeza chumvi.”

Hawakunifukuza. Adhabu yangu ni kukisoma kitabu kizima kwa sauti, bila kuruka neno. Tumirah nimemwandikia kumwomba radhi. Bado hajajibu, na simlaumu. Tumefika ukurasa wa tisini. Mpaka sasa nimetokea mara mbili tena, na kila mara nimezidi kunenepa.